Bili Yako ya Stima Ilisainiwa Kabla Hujazaliwa

Wasee, tuanze na ile SMS ya tokeni. Umetuma 500 bob, umekaa ukitazama simu kama mtu anayengoja matokeo ya KCSE, halafu inaingia: namba ishirini za kubonyeza kwenye mita, na yuniti ambazo hata ishirini hazifiki. Wengi wetu tunabonyeza namba, stima inarudi, maisha yanaendelea. Lakini ukifuatilia pesa yako ilivyogawanywa, utakuta mistari mingine hapo chini. Kuna gharama ya mafuta. Kuna marekebisho ya fedha za kigeni. Kuna mfumuko wa bei, kuna ada za mashirika ya serikali, kuna VAT.

Mimi nilianza kuisoma hiyo mistari mwaka jana, nilipoanza kuhariri video za watu kwa kompyuta ya mitumba niliyonunua pale Luthuli. Hiyo mashine inakunywa stima kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Mteja analipa 1,500 kwa video ya harusi, na kabla sijatoa pesa ya intaneti, tokeni ishakula yake. Nikajiuliza maswali mawili ya kijinga kidogo. La kwanza: ni mafuta gani haya nalipia, kama kila kiongozi wetu akienda mkutano ng'ambo anajigamba kwamba karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya inatoka kwa maji, upepo, jua na mvuke wa ardhini? La pili: mbona dola ikipanda nami napanda nayo, na huo mvuke unatoka hapa tu Naivasha?

Nilimwuliza mathe. Mathe hajui habari za megawati, lakini alinijibu vizuri kuliko wale wataalamu wa TV. Alisema, "Unauliza mambo ya stima? Kaa chini nikwambie mwaka wa elfu mbili."

Mwaka 2000 alikuwa msichana wa miaka 22, anashona kwenye kiwanda cha nguo huku Industrial Area. Mvua zilikuwa zimekosa mwaka uliotangulia, zikakosa tena. Mabwawa ya Mto Tana yakashuka, serikali ikatangaza mgao wa stima nchi nzima. Ratiba zilichapishwa magazetini kama ratiba za mechi: upande huu leo, upande ule kesho. Kwao mashine zilizima katikati ya kazi, na supavaiza akawaambia kuanzia sasa mtu atashona stima ikiwepo, iwe mchana iwe usiku. "Tulikuwa tunalala chini ya meza ya kukatia kitambaa," mathe anasema. "Stima ikirudi saa nane usiku, tunaamshwa tunashona. Isiporudi, hiyo siku huandikiwi kitu." Baadaye walianza kupunguzwa, watano leo, kumi wiki ijayo, naye zamu yake ikafika. Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi, mtoto wa mgao.

Hakuwa peke yake. Uchumi wa Kenya mwaka huo ulikua kwa kiwango cha karibu sifuri. Na angalia wakati wenyewe, maana hapa ndipo roho inaniuma. Mei 2000 Marekani ilipitisha sheria ya AGOA, iliyoruhusu nguo kutoka Afrika kuingia kwao bila ushuru. Oktoba mwaka huohuo likaanza eneo huru la biashara la COMESA, Kenya na Misri zikiwa ndani pamoja, bidhaa zao zije kwetu na zetu ziende kwao bila ushuru. Milango miwili mikubwa ya kufanya biashara na dunia ilifunguliwa mwaka uleule ambao viwanda vyetu vilikuwa vinashona kwa kubahatisha. Kweli, viwanda vya EPZ vilikuja kukua sana kwa sababu ya AGOA, siwezi kukataa hilo. Lakini ukiingia kwenye mbio umefungwa mguu mmoja, wenzako hawakungojei ufungue kamba.

Sasa, kwa nini mvua ikose kule Aberdare na Mlima Kenya, halafu cherehani izime Nairobi? Inabidi turudi nyuma kidogo.

Hadithi inayosimuliwa na kampuni yetu ya umeme inaanza Zanzibar mwaka 1875, Sultan Seyyid Barghash alipoleta jenereta ya kuwashia jumba lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaichukua hiyo jenereta, na ndiyo ikazaa kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka uo huo mhandisi Clement Hirtzel akapewa haki ya kuuzia Nairobi stima, yeye peke yake. Mwaka 1922 hizo mbili zikaungana zikawa East African Power and Lighting, ambayo tangu 1983 tunaiita KPLC. Kwa hiyo stima ilifika huku kama kitu cha jumba la mfalme, ikafuata mitaa ya wenye pesa, na wengine tukangoja.

Mji ulipokua baada ya vita vya pili vya dunia, wakoloni walitafuta stima ya bei nafuu, na iliyokuwa karibu ilikuwa Uganda. Mwaka 1954 ikaundwa Kenya Power Company, kazi yake kujenga laini kutoka Tororo hadi Nairobi ili kuleta umeme wa bwawa la Owen Falls pale Jinja. Megawati 30. Leo hiyo ni namba ndogo, lakini wakati huo ilikuwa kitu. Taa nyingi za Nairobi zilikuwa zinawashwa na Mto Nile.

Halafu Februari 1976 Idi Amin akasimama akasema sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, mpaka karibu na Nairobi yenyewe, kihistoria ni ya Uganda. Hebu fikiria. Mtu anayeshika swichi yako anakwambia kitanda chako ni chake. Amin hakuvuka mpaka, lakini kwa serikali yoyote hapo ndipo neno "usalama wa nishati" linaacha kuwa la vitabuni.

Kusema haki, Kenya ilikuwa ishaanza kujipanga kabla ya hapo. Kindaruma, bwawa la kwanza kubwa la Tana, lilianza kufanya kazi 1968, Kamburu likafuata 1974. Baada ya hapo mwendo ukawa uleule: Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Ukizipanga kwenye ramani ni kama ngazi. Masinga iko juu, ndiyo mtungi mkubwa. Maji yakitoka hapo yanapita Kamburu, yanapita Gitaru, Kindaruma, Kiambere, na kila mahali yanazungusha mitambo tena. Tone moja la maji linafanya kazi mara tano. Waliobuni hiyo kitu walikuwa na akili sana, na bei ya stima ya Tana mpaka leo ni kati ya zile za chini kabisa tulizo nazo.

Shida yake unaiona? Mtungi wa juu ukikauka, ngazi yote inakauka. Tulitoka kumtegemea jirani, tukaenda kutegemea wingu.

(Na si wingu tu. Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikakosa stima kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili alipona. Sisi ndio tulichekwa dunia nzima.)

Kutegemea wingu si kosa kama una kitu kingine pembeni. Hicho kitu kingine ndicho kilichokosekana miaka ya tisini. Novemba 1991 wafadhili waliikatia Kenya misaada kwa sababu ya ufisadi na siasa za chama kimoja, na mitambo ya umeme ya nchi ilikuwa inajengwa kwa mikopo yao. Bwawa la Turkwel lilikamilika mwaka huo, likiwa na maneno mengi kuhusu bei yake. Baada ya hapo, miaka ikapita. Watu waliongezeka, viwanda viliongezeka, mitambo haikuongezeka vya kutosha. Ndiyo maana mwaka 1997 wakaletwa wazalishaji binafsi wa kwanza, Iberafrica Nairobi na Westmont Mombasa, wote wakichoma mafuta.

Kwa hiyo ukame wa 2000 ulipogonga, tulikuwa kama mtu aliyeishiwa na gesi saa mbili usiku akiwa na wageni mezani. Huyo mtu haulizi bei. Tulikodisha jenereta za dharura kutoka kampuni kama Aggreko, zaidi ya megawati 100, Benki ya Dunia ikatukopesha pesa, na dizeli ikawaka usiku na mchana. Mimi simlaumu aliyesaini hiyo. Mathe alikuwa chini ya meza akingoja stima, kuna mtu alipaswa kusaini kitu.

Lakini dharura zina tabia moja: mvua inarudi, karatasi zinabaki.

Hapa naomba tuende polepole, maana hili ndilo jibu la SMS yako. Mzalishaji binafsi hajengi mtambo wa mabilioni kwa matumaini tu. Anataka mkataba wa miaka mingi, mara nyingi 20. Kwenye huo mkataba kuna malipo ya aina mbili. Moja ni ya stima anayokuuzia kweli. Nyingine ni ya kukaa tayari: mtambo uko hapo, umepigwa mafuta, uko sawa, unaweza kuwashwa wakati wowote. Hiyo ya pili unalipa hata usipowasha.

Chukua mfano wa harusi. Familia imekodisha matatu tano zibebe wageni kutoka kanisani. Wageni wakija wachache, tatu zinasimama tu pale nje, dereva anasinzia, na jioni bado anataka pesa yake. Ana haki, wewe ndiye ulimwita. Sasa ongeza kwamba matatu imekodishwa kwa dola, na mafuta unaweka wewe. Huo ndio mkataba. Ndiyo maana kwenye tokeni yako kuna mstari wa mafuta na mstari wa fedha za kigeni: mafuta yakipanda, yakapanda kwako, shilingi ikianguka, ikakuangukia wewe. Mwenye mtambo halali macho wazi kwa sababu ya dola. Mwenye kinyozi pale Kayole ndiye analala macho wazi, hata kama hajui ni dola inayomsumbua.

Ungedhani 2000 ilitufunza. Mwaka 2009 mvua zikakosa tena. Juni mwaka huo kituo cha Masinga kikazimwa kwa sababu maji yalikuwa chini mno, na kufikia Agosti mgao ulikuwa umerudi, Aggreko nao wamerudi. Hii ni kama mwaka mmoja tu baada ya bei ya mafuta duniani kufika karibu dola 147 kwa pipa, Julai 2008. Hofu ikashika kila ofisi. Na tukafanya kilekile: tukaita matatu zaidi.  Thika, megawati 87. Gulf na Triumph kule Athi River, 80 na 83. Zote za kuchoma mafuta mazito.

Mtambo hauoti kama sukuma wiki. Kati ya hofu na mtambo kuwaka kuna miaka kadhaa ya pesa kutafutwa na mitambo kusafirishwa. Thika, Gulf na Triumph ziliingia kati ya 2013 na 2015. Na mwaka 2014, katikati ya hapo, megawati 280 za mvuke mpya kutoka Olkaria zikaanza kuingia, za bei nafuu na zisizojua mvua ni nini. Yaani dawa iliyoagizwa usiku wa homa ilifika mgonjwa ameshapona, na bado tunailipia kwa awamu. Hizo ndizo matatu zinazosinzia nje ya kanisa.

Wacha niseme kuhusu Olkaria, kwa sababu watu wanaizungumzia kama muujiza na haikuwa muujiza. Ilikuwa subira, tena ya aina ambayo sisi Wakenya hatujisifii. Mwaka 1956 wakoloni walichimba visima viwili pale Hell's Gate, mvuke haukutosha, wakaondoka. Miaka ya sabini mapema, Kenya ikisaidiwa na Umoja wa Mataifa ikarudi palepale, na safari hii visima vikajibu. Bei ya mafuta ilipolipuka mwaka 1973, wale waliokuwa wanaonekana wanacheza na mvuke wakaonekana wana akili. Mtambo wa kwanza, megawati 15 tu, uliwashwa 1981, na kufikia 1985 ilikuwa 45. Halafu ikakwama kwa sababu zilezile za wafadhili. Olkaria II haikuja mpaka 2003.

Kwa nini ni ngumu? Kisima kimoja kinashuka kilomita mbili, tatu chini ya ardhi, kinakula mamilioni ya dola, na kinaweza kutoka kikavu. Hakuna benki inapenda hiyo kamari. Mwaka 2008 serikali ikaunda GDC, kampuni ambayo kazi yake ni kuchimba kwanza, kubeba hiyo hatari kwa pesa ya umma, halafu ndipo wengine waje kujenga mitambo juu ya mvuke ambao tayari upo. Kwangu mimi huo ni uamuzi mmoja wa serikali ya Kenya ambao ungepaswa kufunzwa shuleni. Leo tuna zaidi ya megawati 900 za mvuke, sehemu kubwa ya stima yote tunayotumia, na tuko kwenye kumi bora duniani.

Haikuwa bure. Familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV, zikapelekwa mahali panapoitwa RAPland, na wakaazi walipeleka malalamiko mpaka Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Stima safi nayo ina watu iliowasukuma kando, tusijifanye hatuwaoni.

Lakini angalia ilichofanya. Kati ya 2020 na 2022 kaskazini na mashariki mwa nchi misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo. Mifugo ilikufa, watu walilala njaa. Ukame wa namna hiyo mwaka 2000 uliwazima watu nchi nzima. Safari hii hakukuwa na mgao wa taifa kama ule. Kiwanda cha nguo hakikufungwa kwa sababu Masinga imeshuka. Huo ndio usalama wa nishati, na tuliupata. Hakuna aliyepiga makofi kwa sababu kitu kisichotokea hakina picha ya kupost.

Tatizo ni kwamba usalama tuliupata mara mbili na tukalipa mara mbili. Tulinunua mvuke kwa subira na mafuta kwa hofu, na bili zote mbili zikaja kwenye meza moja.

Na hata tulipochagua kitu kizuri, haraka ilitukata. Chukua upepo wa Ziwa Turkana: mitambo 365 pale Loiyangalani, megawati 310. Ilikamilika 2017. Laini ya kuleta umeme mpaka Suswa, kilomita 428, ilikuwa jukumu la serikali, na mkandarasi wake Mhispania akafilisika katikati ya kazi. Upepo ukavuma, stima ikakosa njia, na kwa mujibu wa mkataba mwenye mitambo akadai fidia ya mabilioni ya shilingi. Laini iliunganishwa Septemba 2018. Tulilipia upepo ambao haukuwasha hata balbu.

Mwaka 2021 serikali iliunda jopo la kuchunguza mikataba hii, John Ngumi akiwa mwenyekiti. Kilichotoka humo kilikuwa wazi: wazalishaji binafsi walikuwa wanaleta kama robo ya stima, na kuchukua karibu nusu ya pesa ya kununua stima. Tukaahidiwa bei itashuka kwa asilimia 30. Januari 2022 ikashuka 15. Zile 15 nyingine mpaka leo zinatafuta stejini. Aprili 2023 bei mpya zikatangazwa na zikaelekea juu.

Sasa tuseme kuhusu ushindani, neno ambalo wanasiasa wanalitumia kama chumvi. Misri ina gesi yake. Ethiopia ina mito yake, na Septemba 2025 ilizindua bwawa kubwa kuliko yote Afrika kwenye Nile, la zaidi ya megawati 5,000. Stima ya kiwandani kwao ni rahisi kuliko yetu kwa mbali. Anko yangu anachomelea milango na madirisha pale Kariobangi. Anashindana na fremu zilizokuja kwa kontena, zimekatwa na kupakwa rangi na mashine zinazotumia stima ambayo ni sehemu tu ya bei yake. Akipandisha bei, mteja anaenda kwa kontena. Akiiacha, tokeni inamla faida. Basi anafanya kile ambacho mafundi wote wanafanya: anamlipa kijana wa mkono pesa kidogo zaidi. Kwa hiyo ukitaka kujua nani analipia ile mitambo inayosinzia Athi River, usiangalie bili tu. Angalia mshahara wa huyo kijana.

Wenye viwanda vikubwa wana njia ya kutoka. Wameweka sola kwenye mapaa yao, na wewe ukipita barabara ya Mombasa unaziona. Siwalaumu hata kidogo. Lakini rudi kwenye harusi yetu: wageni matajiri wamekuja na magari yao, matatu bado ni tano, na waliobaki ndio wanachanga.

Na sasa kuna kitu kipya kinanichanganya. Baada ya aibu ya mikataba, tulifunga mlango: mikataba mipya ikasimamishwa kwa miaka. Ilionekana kama busara, hata mimi nilishangilia. Wakati huohuo watu waliendelea kuunganishiwa stima, na mwaka 2025 mahitaji ya juu kabisa yakapita megawati 2,300. Rais Ruto mwenyewe alikiri kwamba sehemu nyingine za nchi zinazimwa kati ya saa kumi na moja na saa nne usiku ili stima itoshe. Usiku wa manane, nchi ikilala, Olkaria inaachilia mvuke uende hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Tangu Desemba 2017 viwanda vinauziwa stima ya usiku kwa punguzo la nusu, na bado haishi. Yaani uhaba wetu si wa mwaka mzima. Ni wa saa moja jioni, mama akipika, mtoto akifanya homuweki, kinyozi akiwa na foleni.

Kwa hiyo hofu ilitukosesha mara ya kwanza kwa kusaini kila kitu, na mara ya pili kwa kukataa kusaini chochote. Pengo la jioni sasa tunaliziba kwa majirani. Tangu Novemba 2022 tunanunua megawati 200 kutoka Ethiopia kupitia laini inayofika Suswa, na Uganda bado inatuuzia. Ni Tororo tena, miaka 70 baadaye. Wengine wanaliona hilo kama hatari, wakikumbuka Amin. Mimi naona afadhali jirani mwenye maji ya bei nafuu kuliko jenereta ya dola, mradi tusimwachie swichi yote.

Halafu Mei 2024 Microsoft na G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa kujenga kituo cha data kule Olkaria, wa dola bilioni 1, kikianza na megawati 100 za mvuke. Nikiwa mtu wa kompyuta nilifurahi. Halafu nikakaa nikafikiria saa moja jioni. Kama kitatumia ule mvuke unaopotea usiku, hiyo ni baraka. Lakini kompyuta za namna hiyo hazilali, zinataka stima saa moja jioni vilevile. Atakayesaini huo mkataba ataandika nini kuhusu hiyo saa moja? Na atausaini kwa miaka mingapi? Nauliza kwa sababu mtoto atakayezaliwa mwaka huu ndiye atakuwa anasoma SMS.

Hii posti nilikuwa niimalize juzi. Saa moja na dakika ishirini stima ikapotea, mtaa mzima ukapiga ile kelele yetu ya pamoja, na video ya mteja ikapotea nayo ikiwa imebaki dakika nne tu kumalizika. Mathe aliwasha tochi ya simu, akaendelea kuchambua mboga.

"Mama, inarudi saa ngapi?"

"Mimi nitajuaje? Zamani angalau walitupatia ratiba."